Mkono Uliofukia

Tangi la maji lilipoondolewa nyuma ya nyumba, lilituachia ukuta. Ukuta ulikuwepo siku zote, ila tangi lilikuwa limeusitiri. Sasa ulibaki wazi mbele ya dirisha la mama, na doa refu la kutu likiushukia toka juu hadi chini. Mama, ambaye kiharusi kilimchukua upande wa kushoto, hakuwa na kingine cha kutazama kuanzia asubuhi hadi jua lizame. Alivumilia kwa muda. Kisha akagonga kabati kwa fimbo yake, nami nikaacha cherehani nikaenda, maana fimbo ile ikigonga huwa naenda.

Akasema anataka kuona ua pale.

Niliona ni ombi dogo. Katika nyumba ambayo mtu mmoja humgeuza mwenzake kitandani, humsafisha, humlisha uji, humpa dawa, humkanda mgongo, halafu ndipo aketi kushona sare za watoto wa watu, ua ni ombi dogo kweli. Nikamwambia nitatafuta. Nilikuwa nimeshachagua hata kabla sijatoka chumbani kwake: mmea wa kutambaa, ule unaokwenda mbio, ufunike ukuta pamoja na doa lake, tumalize.

Haraka yangu ilikuwa na sababu. Zamani, kabla mama hajaanguka, nilifanya kazi kwenye karakana ya nguo chini ya mwanamke tuliyembandika jina la Bi Mkasi, kwa jinsi alivyokuwa akikata maneno. Sasa alikuwa amefungua karakana yake mwenyewe katika mji mwingine, safari ya kutwa nzima, na alinipigia simu kuniambia anataka nikasimamie meza ya ukataji. Mtu asiyejua ushonaji ataona ni mamoja. Si mamoja. Kushona ni kufuata mstari uliochorwa na mwingine, na mimi nilikuwa nimefuata mistari ya watu mpaka macho yakaanza kuniuma. Anayekata ndiye anayeamua nguo itakuwaje. Alinipa mpaka mwisho wa mwezi nimjibu. Sikumwambia mama, sikumwambia mtu yeyote. Nilikuwa nikiitafuna habari ile peke yangu huku nikipiga pasi kola za mashati, wala sikujua niimeze au niiteme. Sina mume, sina mtoto, na mtu wa namna hiyo kila mmoja humwona kama hana pa kwenda.

Sasa lazima nieleze jambo la nyumba yetu, maana bila hilo utatuona wendawazimu. Marehemu baba alikuwa akitunza bustani za watu wenye nyumba kubwa, na alichoshwa na matajiri wanaopanda miche kwa mbwembwe kisha wakaisahau. Kwake aliweka sheria moja: mkono uliofukia ndio utakaonywesha. Ukishauweka mche shimoni na kuufukia kwa mkono wako, ni wako mpaka utoe ua la kwanza. Huombi msaada wala hupewi. Kununua mche hakukufungi, kuchimba shimo hakukufungi. Kufukia ndiko kunakokufunga. Nilipokuwa mdogo niliwahi kushikwa na homa kali, na baba akanibeba mgongoni, blanketi na yote, mpaka kwenye mche wangu uani. Nikaumwagilia kwa kikombe huku meno yakigongana, kisha akanirudisha kitandani. Mama alimsema sana siku ile. Baba alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia mche haujui kama mtu anaumwa.

Alipofariki aliacha mwaridi alioufukia mwenyewe, ambao ulikuwa bado haujachanua. Hakuna aliyeugusa. Ulikauka tukiuona kwa macho yetu. Niliulilia mwaridi ule kuliko nilivyolia mazikoni, na bado sikuunywesha.

Kaka yangu, ambaye ni mkubwa kwangu, aliielewa sheria hiyo mapema kuliko mimi. Hakuna mtoto aliyechimba mashimo mengi kama yeye. Alichimba kwa bidii, jasho likimtoka, baba akimsifu, ila ukifika wakati wa kufukia utasikia kuna rafiki anamwita huko nje ya geti. Leo ni mtu mzima mwenye kitambi na ofisi ya kupakia malori upande wa pili wa mji, ana mke mpole na watoto wenye adabu, na katika ua wetu hakujawahi kuota kitu ambacho unaweza kusema ni cha kwake. Miche yake yote niliifukia mimi.

Basi nikaenda kwa mama mmoja anayeuza miche kando ya barabara, chini ya turubai. Ni mtu wa maneno. Alinionyesha mtambaazi wenye maua ya zambarau na kuusifu kama mtu anayemwoza binti yake: ukiupanda leo, mvua mbili tatu tu uko juu ya ukuta, na maua unayapata kabla hujazoea kuutazama. Nilipombana anieleze kasoro zake alikuna kichwa. Maua hufunguka asubuhi, jua likiwa kali yamejikunja. Kisha mmea wenyewe haujui mpaka. Utaingia chini ya bati, utaziba mfereji wa maji ya mvua, utavuka kwa jirani bila hodi, na usipoupunguza kila mara utakuta umekula dirisha. Nikamwambia hayo si kitu, nina mkasi.

Ndipo akanionyesha na yungiyungi, ingawa sikumuuliza. Lilikuwa kitu kama kitunguu kilichookotwa matopeni. Hili, alisema, halina haraka na mtu. Litatoa majani, majani yatakauka, utadhani limekufa, kumbe limelala chini. Mvua zikirudi nalo linarudi. Ukianza na dogo, ua la kwanza utaliona mwaka wa tatu, labda. Ila likishaanza halikomi: kila mwaka, bila kupogolewa, bila kuwekewa kamba, hata nyumba ikibadilisha wenyewe. Akamalizia kwamba mmoja ni wa kufunika na mwingine ni wa kukaa. Nikamwambia mimi nataka wa kufunika, nikaondoka na mtambaazi wangu ndani ya kopo.

Niliuegesha ukutani, nikasogeza kiti cha magurudumu dirishani ili mama auone. Aliutazama muda mrefu. Upande wake mmoja wa uso hauna habari tena, lakini ule mwingine unatosha kusema yote. Akasema hapana. Akauliza kama yule mwuzaji hakuwa na yungiyungi.

Hapo ndipo tulipoanza kuvutana, na tulivutana siku nyingi. Nikimpa uji, habari ni ya maua. Nikimbadilisha shuka, ni maua. Nilimweleza yote niliyoambiwa barabarani, tena nikayatia chumvi upande wangu. Nikasema mtambaazi utaziba lile doa, yungiyungi litasimama chini kama mtoto aliyepewa adhabu na doa litabaki vilevile juu yake. Nikasema mtambaazi atauona ukichanua yeye mwenyewe, na mara tu nilipoyasema hayo nilijua nimekosea, maana ilikuwa ni sawa na kumwambia hana miaka mitatu. Hakuonyesha kuchukia. Nikamwambia ngoja ngoja yaumiza matumbo. Akanijibu subira yavuta heri. Kwa methali huwezi kumshinda mama. Alizaliwa nazo.

Nilitafuta suluhu. Nilirudi kwa yule mwuza miche, nikapata yungiyungi kubwa lililokwisha kukomaa, liko kwenye chungu na bua lake limeshasimama, la kuchanua muda si mrefu. Nililibeba kifuani njia nzima, mgongo ukiniuma, nikijiambia leo yamekwisha. Mama akalitazama, akasema lile limeshazoea kwa watu, yeye anataka dogo, lianzie hapa.

"Mama," nikamwambia, "dogo ni miaka mitatu."

"Najua."

"Mitatu, mama."

"Kwani mimi sijui kuhesabu? Kiharusi kilichukua mkono, hakikuchukua hesabu."

Akanitazama kwa lile jicho lake zima, na mimi nikaelewa, au nilidhani nimeelewa. Ni nani katika nyumba hii mwenye mikono miwili? Nani atakayefukia? Mama alikuwa ananifunga. Habari za Bi Mkasi hakuzijua, nilijiambia, lakini wazazi wana pua. Alikuwa amenusa kwamba kuna mguu wangu mmoja uko nje ya mlango, na alikuwa ameona apitishe kamba mapema, kwa sheria ya marehemu ambayo anajua siwezi kuivunja. Miaka mitatu. Mwenye karakana gani atakusubiri miaka mitatu?

Nilikasirika, sina haja ya kuficha. Hasira ya mtu aliyechoka haina kelele. Inakaa kifuani tu, na chai inapoteza ladha. Nikamwambia, taratibu kabisa, kwamba kesho nitaufukia mtambaazi na habari itakuwa imeisha.

Mama akasema nisiufukie. Akaongeza: "Wala hilo yungiyungi dogo, likija, usiliguse. Sitaki mkono wako. Mwite kaka yako aje afukie."

Nilirudi kwenye cherehani. Nilishona mfuko wa kaptula nikaufunga juu, nikaufumua, nikaufunga tena juu. Mkono wangu. Mkono unaomwosha, unaomchana nywele, unaokata kucha zake na kujua ni kidole kipi kinachouma. Kumbe kwa kazi chafu unafaa, kwa ua haufai. Nilikumbuka jinsi siku kaka anapokuja mama hutaka nimvalishe gauni zuri na kumpaka mafuta mikononi, ili akiingia amkute mama amependeza, chumba kinanukia sabuni, na yeye asijue kwamba tangu alfajiri mtu amekuwa akihangaika. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Kaka hukaa ukingoni mwa kiti, husema mama unaendelea vizuri, siku hizi umenawiri, kisha huondoka. Kila mara husema "nilikuwa napita tu," na kweli hupita.

Nilimpigia simu. Akasema atapita. Hakupita. Mama akanifanya nimpigie tena, na tena, mpaka mimi nikaona haya kwa niaba yake. Sijawahi kumwona mama aking'ang'ania jambo hivyo, hata alipokuwa na nguvu zake. Alikuwa mtu wa kuomba mara moja, akinyimwa ananyamaza. Safari hii alimpigia na mwenyewe, nimemshikia simu sikioni, akamwambia kwa ulimi wake mzito kwamba asipokuja atasusa dawa. Kaka akacheka. Mama hakucheka. Mwezi nao ulikuwa unakatika, na Bi Mkasi alikuwa amenitumia ujumbe wa maneno mawili: "Unakuja?"

Kaka akaja Jumapili, amevaa suruali yake ya kutokea. Kwa amri ya mama nilikuwa nimeshanunua kitunguu cha yungiyungi, kidogo kuliko vyote, nimekiweka juu ya ndoo iliyofunikwa. Nikamsukuma mama hadi uani, nikamwekea mto nyuma ya mgongo, maana akikaa wima muda mrefu mgongo humwaka moto. Nguo zilikuwa kwenye kamba na mbingu ilikuwa haieleweki. Jikoni nilikuwa nimebandika maharage.

Kaka alikunja mikono ya shati akachimba shimo. Nani asiyejua kwamba kaka anajua kuchimba. Lilikuwa shimo la kupendeza, pande zimenyooka, udongo umekusanywa upande mmoja. Alitania kwamba asije akawa anazika kitunguu cha mchuzi wetu, na hata mimi nilicheka kidogo. Mama alingoja amalize. Kisha akasema, "Haya, baba. Kiweke. Ufukie."

Kaka alichukua kile kitunguu akakishika. Akatazama shimo. Na mimi niliyesimama pembeni nikamwona akirudia utoto wake wote, akitega sikio kusikia kama kuna mtu anamwita nje ya geti. Hakuna aliyemwita. Akakohoa. Akasema udongo huu haufai, umelowa kutu za tangi, bora atafute kwanza samadi, labda wiki ijayo. Mama akasema udongo unafaa. Kaka akasema, tena ukifikiria vizuri, ukuta kama huu unahitaji mtambaazi, na yeye atamleta fundi afunge waya, gharama juu yake. Akaanza kuulinganisha huu na lile kwa ufasaha kuliko mwuza miche: huu una kivuli, lile halina, huu utaziba doa, lile litakaa chini miaka mitatu bila hata shukrani. Yalikuwa maneno yangu yote, kila moja niliyomwambia mama, na yakitoka kinywani mwake nikaona yalivyo mabaya. Mchagua jembe si mkulima.

"Halafu jamani," akasema mwishowe, "mwenye mkono wa kupanda humu ndani ni dada. Sote tunajua."

"Nimesema wewe," mama akasema.

Kaka amesimama na kitunguu kiganjani, mama amemkazia macho, na mgongo wa mama, nilijua, ulikuwa umeshaanza. Tone moja la mvua likanidondokea mkononi. Nikafikiria zile nguo, nikafikiria maharage. Mimi nina ugonjwa mmoja ambao hauna dawa: siwezi kutazama kazi imeachwa katikati. Watu walionizunguka wanaufahamu ugonjwa huo kuliko wanavyofahamu jina langu, na wamekula nao vizuri. Nilikuwa nimechoka na maneno. Nilitaka tu jambo lile liishe, niingie ndani.

"Lete hapa," nikasema.

Nikakichukua mkononi mwa kaka, nikapiga magoti, nikakiweka shimoni, nikavuta udongo kwa viganja vyote viwili, nikaukandamiza. Haikuchukua muda hata wa kutunga uzi kwenye sindano. Kisha nikainua uso, na kitu cha kwanza nilichokiona kilikuwa uso wa kaka. Alikuwa ameshusha pumzi. Mabega yalikuwa yameshuka, na alikuwa anatabasamu, tabasamu la kweli, huku akijipangusa mikono ambayo haikuwa na udongo.

Ndipo nikamsikia mama. Alikuwa analia, kwa ule upande wa uso unaoweza kulia.

"Umefanya nini, mwanangu," akasema. "Si nilikwambia usikiguse?"

Nikamwuliza kwa nini, sasa kwa nini, mkono wangu umemkosea nini. Sauti ilinitoka vibaya.

Mama alihitaji muda. Maneno marefu humpa tabu, inabidi ayasukume moja moja. Alisema Bi Mkasi alikuja. Siku moja nilipokwenda kupeleka sare shuleni, Bi Mkasi alipita hapa akiwa safarini, akamkuta mama peke yake, akamweleza kila kitu: karakana, meza ya kukatia, na kwamba ananingoja. Mama alikuwa ameyajua yote muda wote ule ambao mimi nilikuwa nikiyaficha, na tumekaa chumba kimoja kila mtu na siri ileile.

"Ningekwambia nenda, usingeenda," akasema. "Ungesema nani atabaki na mimi. Ningemwambia huyu njoo ukae, nyumba ina vyumba, asingekuja. Angesema atapita. Mimi kwa mdomo sijawahi kusikika humu ndani. Baba yenu ndiye aliyesikika, kwa udongo wake. Basi nikasema nami nijaribu udongo. Nilitaka kitu cha muda mrefu. Nilitaka kimshike yeye."

Akavuta pumzi, kisha akasema kwa sauti ndogo kwamba miaka mitatu ilikuwa ya kaka. Haikuwa yangu.

Nilibaki pale chini nimepiga magoti. Kwa siku zote zile mama alikuwa anahangaika na ulimi wake mzito kunifungulia mlango, na mimi nilikuwa nikiusukuma kutoka upande wa pili nikidhani ananifungia. Na sasa nilikuwa nimeufunga kabisa, kwa mikono yangu miwili, kwa sababu ya maharage na nguo zilizo kwenye kamba. Udongo ulikuwa umeniingia kwenye kucha. Sijui kama kuna uchungu wa namna hiyo ambao haumfanyi mtu acheke kidogo, lakini mimi sikucheka.

Ni mtu mwema, kaka yangu, sitaki nimwonee. Watoto wake wanampenda. Lakini wema wake huja baada ya kwanza kuangalia kama kuna mlango mwingine. Akaangalia, akauona.

"Basi, mama," akasema kwa upole. "Limeshakuwa. Dada ameshafukia. Sheria ya mzee ni sheria."

Yeye ndiye aliyesema hivyo. Yeye, ambaye katika maisha yake yote hajawahi kubeba hata kopo la maji kwa ajili ya sheria hiyo, sasa alikuwa mlinzi wake.

Niliingiza vidole kwenye udongo, nikafukua. Ulikuwa bado laini, haukunipinga. Kwa mzee kufukua ilikuwa mwiko. Kilichozikwa hakitolewi, angesema, na nilimwona waziwazi akisema hivyo, na nikaendelea kufukua. Nikakitoa kile kitunguu, nikakikung'uta, nikasimama. Magoti yalilia. Nikauchukua mkono wa kaka, nikakiweka kiganjani mwake, nikamkunja vidole kimoja kimoja mpaka vikafumba.

"Nimechoka, kaka," nikamwambia.

Neno hilo nilikuwa sijawahi kulisema ndani ya nyumba ile. Nilikuwa nimelisema moyoni kila siku, nilikuwa nimelisema kwa mgongo na kwa macho na kwa namna ya kuweka sufuria chini, na nilidhani watu wanasikia. Kumbe halikuwa limesikika. Kaka alinitazama kana kwamba nimemwambia nina maradhi ambayo kila mtu aliyajua isipokuwa yeye. Nadhani alikuwa anatafuta kitu cha kuahidi, na kwa mara ya kwanza hakukipata.

"Mwezi unaisha kesho," nikamwambia. "Nitamwambia Bi Mkasi nakuja."

Mvua ilianza kudondoka, nyepesi. Sikwenda kuanua nguo. Nilikwenda nikasimama nyuma ya kiti cha mama, nikaushika mpini, lakini sikumsukuma ndani, na yeye hakuomba kuingia. Tulisubiri. Kaka alikaa amesimama kwa muda ambao mimi niliuona mrefu, shati likianza kumganda mgongoni. Kisha akapiga magoti na suruali yake ile ya kutokea. Akakiweka kitunguu shimoni kichwa chini, mama akamwambia akigeuze, akakigeuza. Akavuta udongo. Alifukia vibaya, kwa ncha za vidole, kama mtu anayeogopa kuunguzwa, lakini alifukia, na hakuna mtu aliyemsaidia.

Alipomaliza hakuinuka. Aliuliza, bila kututazama, linamwagiliwa mara ngapi.

Nikamwambia mvua ikikata ni kila asubuhi, kabla jua halijawa kali, kidogo tu, lisilowe likaoza. Na asubuhi hiyohiyo ndipo mama anapoamka, kwa hiyo aanze na mama kwanza, amgeuze polepole kuelekea upande ule mzima, asimvute mkono wa kushoto hata kama mkewe atamwambia unaweza kuvutwa. Dawa nyeupe baada ya uji, si kabla, na uji uwe mwepesi, na amngoje ameze ndipo ampe kijiko kingine. Saa nne mgongo. Akigonga kabati mara moja ni maji, akigonga mfululizo usiulize, kimbia. Nilikuwa nimeanza na ua, sijui niliruka wapi. Maneno yalikuwa yanatoka yenyewe, na kaka alikuwa anatikisa kichwa kwa kila moja huku midomo yake ikilirudia.

Nikafika mahali nikasita. Kuna mambo ambayo mama hajawahi kuruhusu yatajwe mbele ya mwanawe, ambayo kwa ajili yake mimi hupaka chumba kizima sabuni kabla hajaja.

"Mwambie," mama akasema. "Mwambie na yale ambayo ukiyafanya unafunga mlango."

Kaka akainua uso wake uliolowa akamtazama mama. Mama hakuuficha wake.

"Endelea, dada," kaka akasema. "Ila rudi kwenye dawa kwanza, hapo umenipoteza."

Nikarudi kwenye dawa.